Kuchagua molekuli ya kushika DNA iliyojikunja: TMPyP4, piridostatini, CX-5461 na DC-34

Mwanafunzi wa uzamili anayeanza utafiti wa jeni za saratani hukutana mapema na swali linalomnyima usingizi: aagize molekuli ipi? Majina ni mengi, kila moja lina machapisho yanayolisifu, na fedha za mradi hutosha kununua moja au mbili tu. Makala hii inaziweka nne bega kwa bega. TMPyP4 ni kongwe na rahisi kuipata. Piridostatini ndiyo iliyozoeleka zaidi katika maabara za baiolojia ya seli. CX-5461 imekwisha kufika kwa wagonjwa, na DC-34 ilitafutwa mahususi kwa ajili ya jeni moja. Kwanza niseme wazi kwamba hakuna hata moja kati ya hizi ambayo imeidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Mgonjwa au ndugu wa mgonjwa anayesoma haya asizitafute madukani, kwa kuwa ulinganisho huu ni wa watu wa maabara.

DNA inajikunjaje, na kwa nini tunajali

Tumezoea kuichora DNA kama nyuzi mbili zilizosokotana. Lakini mahali ambapo guanini, yaani herufi G ya DNA, zimefuatana kwa mafungu, tuseme tatu tatu mara nne au zaidi, huku zikitenganishwa na herufi chache, uzi mmoja unaweza kuachana na mwenzake na kujikunja peke yake. Guanini nne hushikana kwa bondi za haidrojeni na kufanya bamba la mraba. Mabamba mawili au matatu hupangana moja juu ya jingine, na ioni za potasiamu, ambazo zimejaa ndani ya seli, hukaa katikati yake na kuyafunga. Umbo hili la nyuzi nne huitwa G4. Msingi wake wa kikemia haukugunduliwa jana, kwani Gellert, Lipsett na Davies walieleza jinsi guanini nne zinavyoungana tangu 1962.

Kilichowavuta watafiti wa saratani ni mahali mikunjo hii inapopatikana. Ncha za kromosomu zetu, yaani telomea, zimejengwa kwa mfuatano wa TTAGGG unaojirudia, na promota, yaani sehemu za DNA zinazoanzisha usomaji wa jeni, za jeni kadhaa zinazochochea saratani, zikiwemo MYC, KRAS, KIT na BCL2, zina mafungu ya guanini yanayoweza kujikunja vivyo hivyo. MYC ndiyo mfano uliochunguzwa kuliko yote. Protini yake haina mfuko mzuri ambao dawa inaweza kuingia na kutulia, kwa hiyo kuifunga moja kwa moja kumewashinda wakemia kwa miaka mingi. Mwaka 2002 kundi la Laurence Hurley huko Arizona lilieleza mkunjo ulio katika kipande kidogo cha promota ya MYC kinachodhibiti asilimia 80 hadi 90 ya usomaji wa jeni hiyo. Lilionyesha pia kwamba kubadilisha guanini moja tu kuwa adenini, hivyo kuulegeza mkunjo, kunapandisha utendaji wa promota takribani mara tatu. Hapo ndipo lilipozaliwa tumaini kwamba, badala ya kupambana na protini, tungeweza kuifunga swichi ya jeni yenyewe.

Vigezo vya kulinganisha

Nitatumia vigezo vitano kwa molekuli zote nne: namna inavyoushika mkunjo, uteuzi wake, ushahidi kwamba inafanya ndani ya seli kile inachodaiwa kufanya, umbali iliofika kuelekea kwa mgonjwa, na urahisi wa kuipata na kuitumia. Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwa maoni yangu cha tatu ndicho kinachotenganisha kazi ya kweli na matumaini, nami nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Uteuzi nao una ngazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni kuchagua G4 na kuiacha DNA ya kawaida. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuchagua G4 moja kati ya nyingi. Mwaka 2015 upimaji wa DNA ya binadamu iliyosafishwa ulionyesha zaidi ya sehemu 700,000 zinazoweza kujikunja. Mwaka uliofuata, kipimo kilichofanywa kwenye kromatini ya seli za binadamu kilipata takribani 10,000 tu. Ndani ya seli DNA imezungushwa kwenye protini, na mikunjo mingi haipati nafasi ya kujitokeza. Hata hivyo, molekuli isiyobagua bado ina maelfu ya mahali pa kutua.

Namna ya kushika

TMPyP4 ni porfirini bapa, pana, yenye chaji nne chanya. Inalalia bamba la guanini lililo mwishoni mwa mkunjo, na muundo wake ikiwa imeushika mfuatano wa promota ya MYC ulichapishwa 2005 kwa kipimo cha NMR, kinachotumia sumaku kuonyesha umbo la molekuli. Nguvu yake inatokana na ubapa pamoja na chaji, na udhaifu wake unatoka hapo hapo, kwa sababu DNA ya kawaida nayo imejaa chaji hasi zinazoivuta.

Piridostatini, iliyotoka katika maabara ya Shankar Balasubramanian, Cambridge, na kutangazwa 2008, imejengwa kwa kiini cha piridini chenye mikono miwili ya kwinolini. Si bapa wala ngumu kama porfirini. Inapinda kiasi cha kuukumbatia uso wa bamba la guanini, lakini umbo lake haliiruhusu kupenya kirahisi katikati ya ngazi za DNA ya nyuzi mbili.

CX-5461 haikuanza kama molekuli ya G4. Iliundwa kuzuia polimerasi ya kwanza ya RNA, ile inayosoma jeni za ribosomu, na ilitangazwa kwa sifa hiyo 2011. Mwaka 2017 ndipo ilipoonyeshwa kwamba inaimarisha pia mikunjo ya G4.

DC-34 ilipatikana kwa njia tofauti kabisa. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walibandika maelfu ya molekuli ndogo kwenye kioo, wakapitisha juu yake DNA ya promota ya MYC iliyojikunja, kisha wakaangalia ni molekuli zipi zilizoinasa. DC-34 ni toleo lililoboreshwa la mojawapo ya zilizopatikana, na ilichapishwa 2018. Muundo wa NMR unaonyesha molekuli mbili zikikaa kwenye ncha mbili za mkunjo na kugusana pia na herufi zilizo pembeni ya mabamba. Herufi hizo hutofautiana kati ya G4 moja na nyingine, ilhali bamba lenyewe ni lile lile kila mahali.

Uteuzi

Kwa ngazi ya kwanza, TMPyP4 ndiyo dhaifu kuliko zote. Inashika DNA ya nyuzi mbili karibu kwa nguvu ile ile inayoshika G4, na katika baadhi ya mifuatano imeonekana ikiukunjua mkunjo badala ya kuuimarisha. Piridostatini iko mbali mbele yake, kwani hata DNA ya kawaida ikiongezwa kwa wingi kwenye kipimo, haiachi G4 kirahisi. CX-5461 inapendelea G4, ila hadithi yake ina tawi jingine ambalo nitalieleza hapa chini.

Kwa ngazi ya pili, DC-34 ndiyo pekee kati ya hizi nne iliyotafutwa kwa nia ya kuitofautisha G4 ya MYC na nyingine, na gharama ya uteuzi huo ni mshiko ulio laini zaidi, wa kiwango cha mikromola. Piridostatini haidai kabisa kuchagua jeni. Imeundwa kushika G4 kwa ujumla, na anayeitumia akisema ameilenga MYC peke yake anadai kisichodaiwa na walioiunda.

Ushahidi ndani ya seli

Kosa lililoenea kuliko yote katika fani hii ni kuchukua kipimo cha mrijani kama jibu. Mtafiti anachanganya molekuli na kipande kifupi cha DNA, anapandisha jotoridi, anaona mkunjo ukichelewa kuyeyuka kwa nyuzi 15 au 20, kisha anatia molekuli hiyo kwenye seli na kuona MYC ikishuka. Anahitimisha kwamba MYC imeshuka kwa sababu mkunjo wake umefungwa. Lakini MYC ni jeni inayoshuka upesi seli inapopata dhiki ya aina yoyote ile. Sumu inayovunja DNA huishusha, na seli inayokufa huishusha.

Njia bora ya kulitatua jambo hili ilitoka katika ugonjwa ambao Afrika Mashariki inaujua kwa uchungu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao sasa tunauita limfoma ya Burkitt. Baadaye ilijulikana kwamba katika wengi wa wagonjwa hawa kromosomu ya 8 na ya 14 zimekatika na kubadilishana vipande, na MYC imehamia jirani na jeni za kingamwili, ambako inasomwa bila kupumzika. Mahali pa kukatikia hutofautiana. Katika seli za maabara ziitwazo CA46, mkato umekitenga kipande chenye mkunjo na sehemu ya MYC inayotengeneza protini. Katika seli za Raji, zilizotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, kipande hicho bado kiko na jeni yake.

Mtihani basi ni rahisi kuueleza: tia molekuli katika seli zote mbili. Kama inafanya kazi kupitia mkunjo wa promota ya MYC, jeni ishuke katika Raji na isiguswe, au iguswe kidogo sana, katika CA46. Kama inashuka kotekote, njia ni nyingine. Mtihani huu umeyaaibisha majina yaliyokuwa makubwa. Mwaka 2012 kundi la Hurley lenyewe lilitangaza kwamba molekuli ya jamii ya kwindolini, iliyokuwa ikiimarisha mkunjo wa MYC vizuri sana mrijani, ilikuwa ikishusha MYC bila kupitia mkunjo huo. Nawaheshimu kwa kulichapisha jambo lililobomoa dhana waliyoijenga wenyewe.

Sasa tuzirudie nne zetu. TMPyP4 ilikuwa ndiyo iliyotumika 2002 kuonyesha kwamba promota ya MYC inaweza kuzimwa, na ina faida moja isiyo ya kawaida: pacha wake, TMPyP2, ana kemia ile ile na chaji zile zile, ila vikundi vyake vimegeuka pembe na hivyo hawezi kulalia bamba vizuri. Kutumia pacha huyo kama kidhibiti, yaani cha kulinganishia, kunaupa ushahidi nguvu. Hata hivyo, kwa sababu ya kushika DNA yote, matokeo yake ya seli huwa na maelezo zaidi ya moja.

Piridostatini ina ushahidi mpana wa kugusa DNA ndani ya seli. Mwaka 2012 watafiti waliitumia kwenye seli za binadamu, wakatafuta mahali alama za DNA iliyovunjika zinapojikusanya, na wakakuta zimeangukia jeni zenye mafungu mengi ya guanini, ikiwemo SRC. Protini ya SRC ilishuka, na seli za saratani ya matiti zilipungua mwendo. Huu ni ushahidi mzuri kwamba molekuli inafika kwenye jeni. Lakini msomaji ataona kwamba njia iliyopitiwa ni kuvunjika kwa DNA, jambo lililo tofauti na kufunga swichi kwa upole.

CX-5461 ina ushahidi mzuri wa aina nyingine: seli zilizopoteza BRCA1 au BRCA2, ambazo haziwezi kutengeneza vizuri DNA iliyovunjika, zinakufa kwa kiasi kidogo cha molekuli hii kuliko seli zisizo na kasoro hiyo. Mabishano yako kwenye sababu. Kazi zilizochapishwa 2020 na 2021 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya sumu yake inapitia topoisomerasi ya pili, kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA ili kuifungua misokoto, na piridostatini nayo imekutwa na utegemezi huo huo. Kwa anayetafuta tiba, sababu inaweza kuwa jambo la pili. Kwa anayetafuta kuelewa jeni, ni jambo la kwanza.

DC-34 ilipimwa kwa mtihani niliouleza: ilishusha MYC katika seli za saratani ya uboho, na athari ilikuwa hafifu zaidi pale ambapo mkunjo haupo pamoja na jeni. Kwa swali la jeni moja, huo ndio ushahidi wa moja kwa moja kuliko wa wenzake.

Kuna jambo jipya linalozigusa zote nne. Mwaka 2024 maabara ya Balasubramanian ilihariri promota ya MYC ndani ya seli ili mkunjo usiweze kujengeka. Kwa dhana ya zamani, jeni ingepanda. Ilishuka. Walipopandikiza pale pale mkunjo wa jeni nyingine, KRAS, usomaji ulirudi. Yaani mkunjo, ukiwa mahali pake asilia na protini zake, unaweza kuwa unaisaidia jeni isomwe. Hili halifuti matokeo ya molekuli, kwa kuwa inawezekana molekuli inazifukuza protini zinazotua kwenye mkunjo, lakini linamtaka kila anayeandika utangulizi wa tasnifu aache kurudia sentensi kwamba G4 ni kizuizi, nukta.

Umbali hadi kwa mgonjwa

CX-5461 imefika mbali kuliko zote. Jaribio la awamu ya kwanza lililofanyika Kanada lilichapishwa 2022 likiwa na wagonjwa 40, na uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachokubalika kitabibu katika asilimia 14, hasa wale wenye kasoro katika jeni za kutengeneza DNA. Athari iliyojitokeza sana ilikuwa ngozi na macho kuathiriwa na mwanga wa jua, jambo zito kwa nchi zetu kama dawa hii itafika siku moja. Kabla yake, ndugu yake CX-3543 ilifika awamu ya pili kisha ikasimama. Molekuli nyingine ya G4, QN-302, iliyotokana na kazi ya Stephen Neidle huko London na yenye matumaini katika saratani ya kongosho, iliruhusiwa kuanza majaribio ya binadamu nchini Marekani 2023.

Piridostatini imeonyesha nguvu katika panya wenye uvimbe usio na BRCA, lakini imeonekana pia kudhuru seli za neva zilizokuzwa maabara. TMPyP4 na DC-34 zinabaki kuwa vyombo vya utafiti.

Kuzipata na kuzitumia

TMPyP4 ni rahisi kuagiza na huyeyuka katika maji. Kumbuka ina rangi kali ya zambarau, na ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni yenye ukali unaoharibu DNA. Bila sampuli iliyokaa gizani, matokeo yako yanaweza kuwa ya taa ya maabara. Rangi hiyo pia huvuruga vipimo vya mng'ao. Piridostatini inauzwa na wauzaji wengi na haina matata mengi. CX-5461 inauzwa pia, ila haiyeyuki kirahisi katika DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, na maabara nyingi huiyeyusha katika bafa ya fosfeti yenye asidi kidogo. Nayo ilindwe na mwanga. DC-34 ipangiwe muda mrefu, na ni vema kuwa na mkemia wa usanisi karibu. Kwa zote, bafa ya kipimo iwe na potasiamu, kwa kuwa matokeo ya kwenye lithiamu au sodiamu pekee hayakuambii kinachotokea ndani ya seli.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Kama unafundisha darasa la shahada ya kwanza na unataka wanafunzi waone kwa macho molekuli ikishika DNA, TMPyP4 inafaa, kwa sababu rangi yake hubadilika inaposhikana na DNA na spektrofotomita ya kawaida inatosha. Weka TMPyP2 pembeni yake.

Kama swali lako ni nini kinatokea seli ikiwekewa shinikizo kwenye G4 zake kwa jumla, katika telomea, katika kunakili DNA, au katika jeni nyingi kwa pamoja, piridostatini ndiyo yenye machapisho mengi ya kulinganisha nayo. Pima pia alama za DNA iliyovunjika, na usiandike jina la jeni moja kwenye kichwa cha kazi.

Kama unafanya kazi na saratani ya matiti au ovari yenye kasoro ya BRCA, na lengo lako ni tiba, CX-5461 ina takwimu za binadamu ambazo nyingine hazina. Ongeza kidhibiti kinachoigusa topoisomerasi ya pili, la sivyo mhakiki wa kwanza atakiomba.

Kama swali lako ni MYC na mkunjo wake tu, DC-34 ndiyo ya kuanzia, ikiambatana na jozi ya Raji na CA46. Na kama uko karibu na hospitali inayotibu limfoma ya Burkitt ya watoto, zingatia hili: katika ugonjwa wa ukanda wetu mkato wa kromosomu ya 8 mara nyingi huwa mbali na MYC, na promota pamoja na mkunjo wake hubaki na jeni, tofauti na aina inayoonekana zaidi Ulaya na Marekani, ambamo mkato huangukia karibu au ndani ya jeni. Kwa hiyo kabla ya kutia molekuli yoyote kwenye seli za mgonjwa, tafuta kwanza mkato wake uko wapi.

Kama fedha zinatosha molekuli moja tu na swali bado halijatulia, nunua piridostatini, na fedha zitakazobaki uzitumie kwa seli za CA46.